Mfupa Umepona, Mbona Kiungo Hakifunguki?



Juma lililopita, baada ya swala ya alasiri, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinifuata katika chumba cha kamati akaomba jina lake liandikwe miongoni mwa wanaohitaji kiti katika safu. Nilipomwuliza sababu, alinieleza kwamba mwaka jana alivunjika mfupa wa paja, juu kidogo ya goti. Alitibiwa, akarejea nyumbani, na picha ya eksirei ikaonyesha kuwa mfupa umeunga vizuri. "Lakini goti, Katibu, limekataa kukunjika," alisema. "Daktari ananiambia nimepona. Kama nimepona, mbona siwezi kukaa chini kama wenzangu?"

Niliandika jina lake, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Swali lake sikulijibu pale pale, ingawa nalifahamu vyema. Miaka mitatu iliyopita nililiuliza mimi mwenyewe, kwa ajili ya shangazi yangu, na jibu nililolipata lilinitia aibu. Leo nalitoa hadharani katika ukurasa huu wa familia, kwa sababu kosa nililolifanya hufanyika katika nyumba nyingi, tena hufanywa na watu wenye mapenzi.

Mimi si tabibu. Niliyoyaandika hapa nimeyapata kwa kuwasikiliza waliomtibu shangazi, na kwa kusoma baadaye ili nielewe nilichoambiwa.

MKONO ULIOPUMZISHWA

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu. Wakati ule alikuwa na umri wa miaka 58, na kwa miaka mingi alikuwa akiishi na kisukari. Asubuhi moja ya masika aliteleza kwenye ngazi ya uani, akajikinga kwa kiganja cha mkono wa kulia, na mfupa ukavunjika karibu na kifundo cha mkono. Hospitali walimfunga plasta, ile ambayo vijana wa mtaani huiita hogo, wakamwambia arudi baada ya wiki sita.

Kabla hatujaondoka, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja akasema maneno ambayo niliyasikia kwa masikio yangu: kila siku achezeshe vidole, akunje na kukunjua kiwiko, na ainue bega mpaka juu ya kichwa. Plasta imefunga kifundo peke yake, alisema, wala haikufunga mkono mzima.

Tulipofika nyumbani tulimkunjia khanga, tukautundika mkono shingoni, tukaugandamiza kifuani. Siku ya tatu alijaribu kuuinua, akaguna kwa maumivu. Nikamwambia, "Shangazi, pumzika. Ukiuchezesha utaharibu." Alinitazama akasema, "Haya, mwanangu, wewe ndiye uliyesoma." Kuanzia siku hiyo hakuruhusiwa kushika hata kijiko. Wiki sita zikapita, plasta ikatolewa, lakini khanga ikabaki shingoni kwa wiki nyingine saba, kwa kuwa alilalamika kwamba bega linamuuma usiku, nasi tukadhani ni maumivu ya mfupa yanayopanda.

Siku moja nilipitia kwake wakati wa adhuhuri nikamkuta ndiyo kwanza anahirimia swala. Aliinua mkono mmoja tu, wa kushoto. Wa kulia ulifika usawa wa mbavu ukasimama. Alipomaliza nilimwuliza, naye akajibu kwa utulivu, "Huu hauendi tena. Mwezi sasa." Mwezi mzima alikuwa hawezi kuchana nywele wala kujifunga mtandio, na hakutaka kutusumbua.

KIUNGO KIMEJENGWA VIPI

Ili kuelewa kilichotokea, tuanze na umbile la kiungo kilicho kizima. Pale mifupa miwili inapokutana, ncha zake hufunikwa na gegedu, ambayo ni laini na yenye kuteleza. Kuzunguka ncha hizo kuna mfuko mgumu kiasi wa nyuzinyuzi, na ndani ya mfuko kuna utando mwembamba unaotoa ute wa kulainisha. Nje ya mfuko zipo kano zinazofunga mfupa kwa mfupa, na kano zinazoishikiza misuli kwenye mifupa. Baina ya tabaka hizi zote kuna nafasi ndogo, na kila tabaka huteleza juu ya jirani yake mfano wa mikono miwili iliyopakwa sabuni.

Mfuko wa kiungo nao haukukazwa. Una mikunjo. Ukishusha mkono, sehemu ya chini ya mfuko wa bega hujikunja kama kitambaa kilicholegea. Ukiinua mkono, mikunjo hiyo hukunjuka. Mikunjo ikinata, mkono hauinuki, hata kama mfupa, msuli na mshipa wa fahamu vyote ni vizima.

Hapo ndipo lilipo jibu la mzee wetu. Eksirei huonyesha mfupa. Utando ulionata, mfuko ulionywea na nyuzi za kovu zilizofunga nafasi havionekani vyema katika picha hiyo. Kwa hiyo inawezekana kabisa mfupa ukapona, picha ikawa nzuri, na mgonjwa akabaki hawezi kukunja goti.

KOVU LINAPOJENGA MAHALI PASIPO PAKE

Mwili hutengeneza majeraha yote kwa namna inayofanana. Damu na maji ya uvimbe hujaa mahali palipoumia. Ndani yake mna kitu chenye kunata kiitwacho fibrini, ambacho ndicho hugandisha damu. Kisha huja chembehai za ujenzi, nazo hutandika nyuzi za kolajeni, ambayo ndiyo malighafi ya kovu. Bila kazi hiyo jeraha lisingefunga wala mfupa usingeunga.

Lakini chembehai hizo hujenga popote penye uvimbe. Tabaka mbili zilizokuwa zikiteleza zikikutana na fibrini katikati yake, na zikakaa tuli siku nyingi, nyuzi huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine na kuzishona pamoja. Kama tabaka hizo zinasogea, hata kidogo, nyuzi hupangika kwa kufuata mwelekeo wa mwendo na kubaki zenye kunyumbulika. Zisiposogea, nyuzi hulala ovyo, hujifunga zenyewe kwa zenyewe, na siku zinavyopita hunywea na kukaza.

Mfupa wa paja unapovunjika karibu na goti, kama ulivyovunjika wa mzee wetu, msuli wa mbele ya paja huwa umelalia pale pale palipovunjika. Mfupa unapojitengenezea gamba jipya la kuunga, msuli huweza kunata juu yake. Juu ya pia ya goti napo kuna kifuko ambacho hukunjuka goti linapokunjwa. Damu ikiingia humo na goti likanyooshwa kwa miezi, kuta za kifuko hushikana. Hapo goti huwa limefungwa mahali pawili.

SABABU ZAKE

Sababu ya kwanza na iliyoenea zaidi ni hiyo niliyoieleza: kutotumika. Kiungo kilichofungwa huanza kupoteza mwendo katika wiki chache. Gegedu nayo hudhoofika, kwa kuwa haina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka katika ule ute, na ute huingia na kutoka kwa kusukumwa na mwendo.

Ya pili ni damu na uvimbe ndani ya kiungo, iwe kwa kuanguka, kwa upasuaji, au kwa maradhi ya kurithi ya damu isiyoganda, ambayo huwafanya wavulana kuvuja damu ndani ya magoti na viwiko mara kwa mara. Uvimbe unaodumu wa baridi yabisi nao hufanya hivyo hivyo, hasa katika vidole na vifundo vya mikono.

Ya tatu ni maambukizi. Usaha katika kiungo huila gegedu kwa siku chache tu, na baada yake mifupa hushikana kwa kovu. Kifua kikuu nacho, ambacho wengi hudhani ni cha mapafu pekee, huingia katika uti wa mgongo, nyonga na goti, na kuvila polepole kwa miezi. Mtoto mwenye homa asiyetaka mguu wake uguswe wala kuusogeza apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri dawa ya kuchua.

Ya nne ni kuungua. Mtoto akimwagikiwa maji ya moto kwenye kiwiko, shingo au nyuma ya goti, kovu linalokuja huvuta ngozi na tishu zilizo chini yake. Mtoto aliyeungua hujikunja kwa sababu kukunja hupunguza maumivu, na mama, kwa huruma, humwacha hivyo. Wataalamu wa majeraha ya moto wana tahadhari moja wanayoikariri: mkao ambao mgonjwa anaupenda ndio mkao atakaobaki nao. Ndiyo maana kiungo kilichoungua hunyooshwa na kufungwa kigango tangu siku za mwanzo, na mazoezi huendelea kwa miezi mingi baada ya ngozi kufunga.

Ya tano ni sindano za mara kwa mara katika msuli. Huko Uganda, hasa eneo la Kumi mashariki mwa nchi hiyo, madaktari wamewatibu watoto wengi ambao misuli ya makalio yao iligeuka kovu baada ya kuchomwa sindano nyingi, zikiwemo za kwinini. Watoto hao hawawezi kuchuchumaa na magoti yakiwa pamoja. Miguu hujitanua yenyewe. Palipo na dawa ya kumeza inayofaa, mzazi asiidai sindano kwa kudhani ndiyo yenye nguvu.

BANDEJI INAYOBANA NA MKONO UNAOCHUA

Zipo sababu mbili nyingine ambazo nazitenga, kwa kuwa hutoka mikononi mwetu.

Mwaka 1881 daktari wa Ujerumani aitwaye Richard von Volkmann alieleza jinsi bandeji iliyobana mno inavyoweza kuukosesha mkono damu, hata misuli ikafa. Kinachobaki ni kovu linalonywea, na vidole hujikunja kama makucha. Jambo hili huwapata zaidi watoto waliovunjika juu ya kiwiko, iwe wamefungwa plasta ya hospitali au magango ya muunga mifupa. Mkono huvimba ndani ya kifungo kisichotanuka, na saa zinazohesabika, sita hivi, zinatosha kuleta madhara yasiyorudi.

Waunga mifupa wetu ni watu wa heshima, na wapo wenye mikono ya ustadi. Elimu yao ina asili ndefu: Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alitenga sehemu nzima ya kitabu chake cha upasuaji kwa mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka. Lakini awe nani aliyefunga, dalili za hatari ni zile zile: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na hasa yanayochoma mtu mwingine anapomnyoosha mgonjwa vidole, ganzi, vidole kupauka, kuwa vya baridi, au kushindwa kusogea. Mtoto akilia usiku kwa namna hiyo, kifungo kifunguliwe au kilegezwe usiku huo huo na apelekwe hospitali. Kusubiri asubuhi kumewagharimu wengi mkono.

Sababu ya mwisho katika hizi ni kuchua kwa nguvu. Kiwiko kilichoumia kikikandwa na kuvutwa kwa nguvu wakati bado kimevimba, msuli huchanika ndani na kuvuja damu tena, na mara nyingine mfupa mpya huota ndani ya msuli wenyewe. Hapo huwa hatuna tena kovu laini la kunyoosha, tuna mfupa unaozuia kiungo kama kabari chini ya mlango. Kiungo kinahitaji mwendo, lakini mwendo huo utoke kwa mwenye kiungo mwenyewe, polepole, kadiri anavyoweza kustahimili.

BEGA NA KISUKARI

Tulipompeleka shangazi, daktari alijaribu kumwinulia mkono yeye mwenyewe huku shangazi amelegea. Haukuinuka. Akajaribu kuuzungusha kwa nje, haukuzunguka. Akasema ni bega lililoganda, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: sukari yake ikoje?

Maradhi haya yametajwa tangu zamani. Mwaka 1872 Mfaransa Simon-Emmanuel Duplay aliyaeleza. Mwaka 1934 daktari wa Boston, Marekani, Ernest Codman, aliyapa jina hilo la bega lililoganda, akakiri kuwa ni magumu kuyaeleza na magumu kuyatibu. Mwaka 1945 Mmarekani mwingine, Julius Neviaser, aliona kuwa mfuko wa bega umenenepa, umenywea na unanata kwenye mfupa. Baadaye, vilipopatikana vyombo vya kuchungulia ndani ya kiungo, ilidhihirika kuwa mara nyingi kunata kwenyewe si kwingi. Kilicho kikubwa zaidi ni mfuko kuvimba, kujaa kovu na kusinyaa. Huko Japani watu wa kawaida huliita bega la miaka hamsini, kwa kuwa huwapata zaidi watu wa umri kati ya miaka 40 na 60. Wanawake huwapata zaidi kuliko wanaume, na wenye maradhi ya tezi ya shingo nao wako karibu nalo.

Kwa watu wote kwa jumla, huwapata kama 2 hadi 5 katika kila 100. Miongoni mwa wenye kisukari, huzidi 10 katika kila 100. Sababu mojawapo ni kuwa sukari iliyozidi katika damu hujigandisha kwenye nyuzi za kolajeni na kuzifunga moja kwa nyingine, zikapoteza unyumbufu wake. Nyuzi hizo zipo katika viungo vyote. Daktari alimwomba shangazi akutanishe viganja vyake viwili, kimoja mbele ya kingine, vidole vikiwa vimenyooka. Vidole vyake havikugusana vizuri. Palibaki mwanya katikati ya pingili. Hiyo ni alama inayojulikana kwa wenye kisukari cha muda mrefu, na kila mmoja wetu mwenye mgonjwa wa sukari nyumbani anaweza kuitazama leo jioni, kisha akamweleza daktari alichokiona.

Maradhi haya huenda kwa hatua tatu. Kwanza huja maumivu, hasa ya usiku, na mwendo huanza kupungua. Hatua hii huchukua wiki kadhaa hadi miezi tisa. Kisha maumivu hupungua lakini bega huwa gumu, kwa miezi minne hadi kumi na miwili. Mwishowe huanza kulegea polepole, na hilo huweza kuchukua mwaka au hata miwili. Sisi tulikuwa tumeitumia hatua ya kwanza yote kulitundika bega kwa khanga.

KUPUMZISHA AU KUTUMIA?

Niliona haya, lakini baadaye nilifarijika kidogo kujua kuwa mabingwa nao walivutana juu ya jambo hili. Katika karne ya 19, Hugh Owen Thomas wa Liverpool, mtu aliyezaliwa katika ukoo wa waunga mifupa, alifundisha kwamba kiungo kilichoumia kipumzishwe kikamilifu, bila kukatiza, kwa muda mrefu. Huko Paris, Just Lucas-Championnière alifundisha kinyume chake, kwamba hata penye mfupa uliovunjika, mwendo na kukanda kwa upole vianze mapema. Kila mmoja alikuwa na wafuasi.

Leo madaktari wamechukua kwa wote wawili. Mfupa uliovunjika hutulizwa, kwa plasta au kwa vyuma, ili uunge. Viungo vilivyo juu na chini yake huchezeshwa tangu siku za mwanzo ili visigande. Faida mojawapo ya vyuma ni hiyo, kwamba mfupa ukiwa umeshikiliwa barabara, goti au kiwiko huweza kuanza kazi mapema. Mtu anayefungwa plasta aulize maswali mawili kabla hajatoka: ni kiungo kipi kisichotakiwa kusogea, na ni vipi vinavyotakiwa kusogea kila siku? Jibu liandikwe, kwa sababu mgonjwa ana maumivu na anayemsindikiza ana hofu, na wote wawili husahau.

Lipo na la tatu la kumweleza daktari, nalo ni maisha yetu yalivyo. Kutembea huhitaji goti likunjike nyuzi 60 hadi 70 hivi, na kupanda ngazi nyuzi 90 au zaidi kidogo. Mtu anayeishi kwa viti na meza akifika nyuzi 110 huhesabiwa amepona. Kukaa katika tahiyatu, kuchuchumaa chooni, kukaa mkekani kula na wanao, hayo huhitaji nyuzi 130 na kuendelea. Mgonjwa asipolisema hili, anaweza kuruhusiwa kuacha mazoezi akiwa amefika nusu ya safari yake. Mzee wetu hakulisema. Aliambiwa goti linatosha, naye akaona haya kuuliza linatosha kwa nini.

KAZI YA NYUMBANI

Shangazi alipewa dawa ya maumivu, akachomwa sindano moja ya kutuliza uvimbe ndani ya bega, akionywa kuwa sindano hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa, hivyo aipime kila siku. Kisha akapewa mazoezi. Kuinama na kuuacha mkono uning'inie, auzungushe kama pendulo ya saa. Kusimama mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa vidole, hatua kwa hatua, mfano wa mjusi. Kulala chali na kuuinua mkono mgonjwa kwa kuushika na ule mzima. Mara tatu kila siku, dakika chache kila mara.

Mtaalamu alitupa kipimo cha kujua kama tumezidisha. Maumivu yakitulia muda mfupi baada ya mazoezi, mmefanya sawasawa. Yakiendelea mpaka kesho yake na usingizi ukakosekana, mmezidi, punguzeni. Bega lisiposikia baada ya miezi mingi, zipo njia nyingine: kulinyoosha mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, au kuufungua mfuko kwa upasuaji mdogo. Goti lililonata kama la mzee wetu nalo lina upasuaji wake wa kulifungua, ingawa baada yake mazoezi huwa ndiyo kazi kubwa zaidi, la sivyo hushikana upya.

Tulimchorea shangazi mstari wa chaki ukutani kila Ijumaa, mahali vidole vilipofika. Kwa wiki tano mstari haukupanda. Binti yake alitaka kuacha. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyemwambia apumzike, sikuwa na haki ya kuchoka, nikawa napitia kila jioni kumhesabia. Wiki ya sita ulipanda upana wa vidole viwili. Miezi kumi na minne baadaye alifika usawa wa sikio.

Hakurudi kama alivyokuwa. Mkono wa kulia haufiki mgongoni, na kamba ya apron anayovaa jikoni humfungia mjukuu wake. Nilipomwomba radhi, alicheka akasema, "Ulinipenda kwa ujinga, mwanangu. Sasa nipende kwa elimu."

Jana nilikwenda nyumbani kwa yule mzee. Nilimwambia kuwa kiti chake kipo, na kitakuwepo muda wote atakaokihitaji. Nikamwambia pia kuwa Jumatatu nitamsindikiza hospitali, na kwamba yeye ndiye atakayemweleza daktari, kwa kinywa chake, jinsi anavyotaka kukaa.

Wabillahi tawfiiq.